Tawi la Musuku

Mama alipokufa aliacha vitenge kumi na viwili, sufuria zilizosuguliwa mpaka zikawa nyepesi, na kopo moja la maziwa ya unga lililofungwa tangu mimi ni mtoto. Si kwamba ndani mna maziwa. Kifuniko chake kimezungushiwa nta ya mshumaa, na siku tuliyokuwa tunagawana vitu vyake nililikwaruza kwa ukucha bila kufikiri. Harufu ikapanda. Nikakaa sakafuni, mimi mama wa watoto wanne, na mdogo wangu Kabamba akadhani kilio kimenirudia. Akaniletea maji. Sikumwambia kwamba siku mbili kabla ya hapo, katikati ya matanga, mgeni mmoja alikuwa ameniambia neno ambalo mpaka sasa ninapoandika sijalimeza.

Lakini nianze na makopo, maana yalikuwa sita.

Ninyi mliokuwa watoto Kamina, mji wetu wa reli, wakati ule mtakumbuka jinsi shule zilivyofungwa bila mtu kutuambia zimefungwa. Walimu waliacha kuja, mmoja mmoja, kila mtu akaenda kulima kwake. Vita vilikuwa redioni. Jioni baba za watu walikaa wameinamia redio, kila siku mji mwingine ukatajwa, na kila siku mji huo ulikuwa karibu zaidi. Mimi sikuogopa hata kidogo. Nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu: kwetu kila kitu huja kwa treni. Samaki wa Bukama walikuja kwa treni, chumvi ilikuja kwa treni, hata askofu alikuja kwa treni. Baba yangu, aliyekuwa fundi wa reli, alikuwa amekwenda Bukama na treni yake ikakwama huko wiki nzima, kisha ya pili. Basi kama treni haiji, vita vitakujaje? Niliwaeleza hivyo watoto wenzangu kwa sauti ya mwalimu, wakaniamini.

Kaka yangu mkubwa hakuniamini. Yaya Ngoy, maana kwetu ndugu mkubwa huitwa yaya, alikuwa na miaka kumi na saba, mrefu, mwenye magoti yaliyogongana akitembea, na alikuwa na jina alilonipa yeye mwenyewe: Madame Bongo. Bongo, kwetu, ni uongo, na jina lilinifaa. Nilidanganya kama wengine wanavyopiga mluzi, kwa kujifurahisha tu. Nilidanganya kwamba nimeosha miguu, kwamba mbuzi wa jirani amezaa mapacha, kwamba nimemwona padri amepanda mti. Mama alikuwa amezoea kuniuliza kila kitu mara tatu.

Yaya Ngoy alituona tunazurura stesheni, mahali ambapo wanajeshi walikuwa wameanza kulala kwenye mabehewa, akaamua kututafutia kazi ya mbali na pale. Kwenye kundi la vijana wa parokia alikuwa amejifunza jeu de piste, ule mchezo wa kufuata dalili porini. Akakusanya makopo sita ya maziwa ya unga, akatia zawadi ndani ya moja na kikaratasi chenye kitendawili ndani ya kila moja la yale matano, akayafunga kwa nta ili mvua isiingie, akayaficha chini ya vilalo sita vya mashambani. Kilalo ndilo jina letu la daraja, na hivyo vyetu vilikuwa vidogo vya kupita kwa miguu: magogo mawili juu ya kijito, ubao mmoja, mataruma ya zamani yaliyookotwa relini. Kitendawili cha kwanza alikitega kwa mdomo, na kila kimoja kilikupeleka kwenye kilalo kinachofuata, kila mara mbali kidogo zaidi na mji.

Nakumbuka vitendawili vyenyewe. “Bandugu mbili balilala mu mayi, hakuna muntu anabaamusha.” Hayo yalikuwa magogo mawili karibu na shamba la masista. “Sikia harufu mbele, utaniona kiisha.” Hicho kilikuwa kilalo ambapo wanawake waliloweka mihogo, na tulikifikia tumeziba pua. Hakuna aliyejua zawadi ya kopo la sita ni nini. Yaya alisema tu kwamba atakayelipata atapiga kelele mpaka Kabongo wasikie, nami nikajua: ni filimbi ya reli, ile ya shaba ambayo Baba alimpa yeye wala si mimi.

Niliitaka filimbi ile kuliko nilivyotaka vita viishe. Tatizo lilikuwa Zaituni.

Zaituni alikuwa binti wa mfanyabiashara wa vitenge wa mtaa wa pili, Waislamu wa asili ya Maniema, watu waliozungumza Kiswahili tangu kunyonya. Alicheka Kiswahili chetu sisi tuliotoka kwenye Kiluba, nasi tulimcheka kwa kuvaa viatu porini. Lakini kichwa alikuwa nacho. Vitendawili vitatu kati ya vitano alivijibu yeye, mimi viwili. Kitu kimoja tu hakukijua, na alikiuliza siku ya kwanza mbele ya wote, akionyesha tawi lililolazwa kwenye njia.

“Na hili tawi, Yaya Ngoy? Limeanguka?”

Yaya akachuchumaa. Akamweleza polepole, kama mtu anayesomesha katekisimu, kwamba hilo halimo katika mchezo wake, hilo ni la wazee. Watu wakienda pamoja na wengine wakabaki nyuma, wa mbele wakifika njia panda hukata tawi bichi na kulilaza kwenye njia ambayo hawakuifuata. Wa nyuma wakiliona wanajua kwamba njia ile imefungwa.

“Ya mchezo, unaweza kudanganya,” akasema. “Ficha karatasi, kimbia, cheka mwenzako. Lakini tawi, hapana. Hakuna muntu anasemaka bongo na tawi. Madame Bongo, unasikia?”

“Minyi? Nimesikia,” nikajibu; minyi kwetu ni mimi.

Nilikuwa nimesikia. Ndiyo aibu yake.

Kitendawili cha sita kilisema: “Nilikuwaka nabeba treni, sasa nabeba mbuzi.” Nililala nacho siku mbili. Asubuhi ya tatu, nikimwaga maji machafu nyuma ya nyumba, kikanifungukia: kilalo cha vyuma vya reli, kule njia ya mashamba ya mjomba wake Mama, mwendo wa saa moja na nusu. Nikaacha ndoo. Lakini nilipofika njia panda ya musuku nikaona mbele yangu vumbi jipya lenye alama za viatu, na huko bondeni nikamsikia Zaituni anaimba. Alikuwa amekosea kwanza na kushika kijia cha kisimani, sasa anarudi. Dakika chache tu angekuwa hapo nilipo.

Musuku ni ule mti wa majani mapana, ambao matunda yake tulikula mpaka midomo inanata. Nilivunja tawi lake, nikalilaza kwenye njia ya kilalo, nikajificha. Zaituni akaja. Akaliona tawi, akasimama. Akalitazama kwa heshima kabisa, kama mgeni aliyefundishwa jinsi ya kuingia nyumba ya watu, akageuka na kushika njia nyingine, ile inayoshuka kwenye kivuko kirefu kisicho na daraja. Nilicheka mpaka nikajiuma mkono. Kisha mvua kubwa ikanyesha, nami nikaogopa radi, nikakimbia nyumbani bila hata kufika kwenye kopo.

Alasiri Zaituni alisimama mlangoni kwetu, matope mpaka mapajani, kiatu kimoja mkononi.

“Nani aliweka tawi?” akauliza. Hakulia. Afadhali angelia.

“Minyi sijui.”

Yaya Ngoy alinitazama. Hakuniita Madame Bongo. “Kama ni weye, enda sasa uitoshe mu njia. Bantu banapitaka kule.”

Nikatoka, nikakaa nyuma ya choo cha jirani muda unaotosha kwenda na kurudi, nikarudi nikihema kwa makusudi. “Nimeisha kuitosha,” nikasema. Sikuwa nimeondoa kitu. Kesho yake nayo ikapita, nikiwa na haya ya kutoka nje nisije nikakutana na Zaituni.

Siku iliyofuata vita vilifika, na havikuja kwa treni. Vilikuja kwa miguu. Wanajeshi waliokuwa wanashindwa ndio waliotangulia, wakimkimbia adui aliyekuwa nyuma yao, na waliingia kila nyumba kuchukua kila kinachobebeka. Hilo lilinishangaza kuliko milio ya bunduki. Nilidhani vita ni watu wawili wanaochukiana, na sisi ni watazamaji. Ilikuwa saa tatu asubuhi, jua linawaka, chai iko mezani. Mama akamfunga Kabamba mgongoni, akaweka beseni la unga kichwani, akanipa mkeka. Yaya Ngoy akapakia magunia kwenye kinga ya Baba, yaani baiskeli, na kuisukuma nyuma yetu. Tulikuwa tunakwenda kwa mjomba, na njia yake ilikuwa ileile ya kilalo cha vyuma vya reli.

Mama alitembea kwa kasi, Yaya akabaki nyuma na mzigo wake. Tulipofika njia panda ya musuku, Mama akasimama ghafla kiasi kwamba nilimgonga miguuni kwa mkeka.

Tawi lilikuwa pale, limelazwa kwenye njia.

“Njia imefungwa,” akasema Mama. Aliitazama ile njia nyingine, ya kivukoni. Baada ya mvua ile maji yangemfika kifuani, na kinga isingepita kamwe. Kabamba alikuwa anakohoa. Nyuma yetu, upande wa mji, mlio mmoja ukalia, kisha mingine mitatu.

Nikaona kosa langu lote kwa mara moja. Nilijua kwamba nikinyamaza, Mama atamvusha mtoto kwenye maji yale kwa sababu ya filimbi. Sijawahi kuogopa kusema neno kama nilivyoogopa lile. Nikalisema.

“Mama, ni minyi.”

“Weye nini?”

“Ni minyi nililiweka. Juzi. Nilikuwa nadanganya Zaituni. Yaya alinituma nilitoshe, sikuenda.”

Alinitazama. Akainama na beseni lake kichwani, taratibu, kwa yale magoti tu, kama wanavyojua wanawake wa Kabongo alikokulia. Akachuma jani moja kwenye tawi, akalikunja, akalipasua katikati, akalinusa. Akajifuta vidole kwenye kitenge.

“Ni weye kweli?”

“Ni minyi, Mama. Kweli ya Mungu.”

Mara hii hakuuliza mara ya tatu. Akasema, “Sawa, mwanangu. Nakuitikia.” Akalisukuma tawi pembeni kwa mguu. Yaya Ngoy akatufikia akitweta, akauliza kuna nini.

“Hakuna kintu,” Mama akajibu. “Ni mchezo yenu tu.”

Nisikilizeni, nilitembea nikiwa na furaha. Watu wanakimbia nyumba zao, mimi moyo wangu mwepesi kama mtu aliyetoka kitubio. Nilikuwa nimesema kweli, kweli kubwa yenye gharama, na Mama ameiitikia, yaani ameiamini. Nilikuwa bado na furaha hiyo tulipokata kona na kuwaona watano wamekaa kwenye kilalo, miguu inaning’inia majini.

Walikuwa wamevua viatu. Ndicho nilichokiona kwanza: vidole vya miguu vilivyovimba, vyeupe kwa maji, vya watu waliotembea mbali sana. Sikujua kwamba wanajeshi huumwa miguu. Walizungumza Kilingala, na mmoja tu alijua Kiswahili. Walichukua beseni la unga. Wakaitazama kinga, wakamtazama Yaya Ngoy aliyeishika.

“Mama, usiogope,” akasema yule wa Kiswahili, na sauti yake ilikuwa ya adabu, jambo ambalo hunitisha mpaka leo. “Kijana atatusukumia mizigo kidogo mbele. Kesho anarudi.”

“Ni mutoto, papa,” Mama akasema. “Ni mutoto wa masomo. Kamata kinga. Kamata na mkeka. Mutoto abaki.”

“Kesho anarudi.”

Mama akapiga magoti njiani na Kabamba mgongoni. Mwanajeshi akamwinua kwa mkono, karibu kwa upole, akamsogeza pembeni kama mtu anayehamisha kiti. Sikulia. Kichwani mlikuwa na wazo moja tu la kipumbavu, kwamba kopo la sita liko chini ya miguu yao, na wasilione. Yaya Ngoy alijua ninachowaza, maana alinijua. Alipopita karibu yangu akisukuma kinga iliyoongezewa mizigo mingine, akatupa jicho chini ya kilalo, kisha kwangu.

“Ukiipata, usiifungue,” akasema. “Unigojee, tutafungua pamoja.”

Akaenda. Magoti yake yaligongana kama kawaida. Walipotelea kwenye majani marefu, na kwa muda tulisikia mnyororo wa kinga ukilalamika, maana Baba alikuwa hajautia mafuta.

Kesho hakurudi. Baba alirudi baada ya mwezi, kwa miguu kutoka Bukama, akaenda kumtafuta kila mahali mtu aliposema amewaona vijana waliobebeshwa mizigo. Alirudi mara tatu peke yake. Mara ya nne alinichukua mimi nimwonyeshe kilalo, na chini yake, limebanwa kati ya vyuma viwili, nililiona kopo, nta yake nzima. Nilimpa Mama. Alilifunga kwenye kitenge, akasema Ngoy mwenyewe atalifungua.

Tangu hapo Mama hakuniuliza tena kitu mara mbili. Mwanzoni nilidhani ni zawadi yangu, kwamba siku ile njia panda nilinunua imani yake kwa kusema kweli. Nikimwambia nimesoma, aliitikia. Nilipokuwa msichana nikamwambia nalala kwa rafiki, uongo ambao hata Kabamba mdogo aliucheka, alisema, “Sawa, mwanangu.” Niliacha kudanganya kwa sababu hakukuwa na utamu tena. Na katika miaka yote hiyo, hata siku alipougua akawa anamwita Ngoy kwa Kiluba, hakuwahi kunitajia lile tawi. Nilijiambia ilikuwa bahati mbaya. Tawi langu lilikuwa la uongo, njia ilikuwa wazi, wanajeshi walikuwepo kwa shauri la Mungu.

Sasa mgeni. Siku ya tatu ya matanga, Lubumbashi tulikohamia, alikuja mwanamke mnene mwenye ushungi, akanikumbatia, akacheka na kulia. Sikumtambua mpaka alipoanza kucheka Kiswahili changu.

“Zaituni!”

Tulikaa nyuma ya jiko, mbali na watu. Aliuliza habari za Yaya Ngoy, nikamwambia. Kisha akasema, kama mtu anayeuliza njia:

“Lakini tawi langu, hamkuliona?”

“Tawi gani?”

“Siye tulitangulia asubuhi ile. Baba yangu alienda mbele peke yake, akaona basoda na bunduki zao pa kilalo, akarudi mbio. Tukapita ku kivuko. Minyi nikasema, ngoja, na jirani zetu watapita hapa. Nikakuta ile tawi yako ya juzi imekauka, nikaitupa. Nikakata ingine mubichi. Baba alinipiga kofi juu ya kuchelewa.” Akanishika mkono. “Nilikuwa ningali nakukasirikia, weye. Lakini tawi, hakuna muntu anasemaka bongo nayo. Njo vile Yaya Ngoy alinifundisha.”

“Tuliliona,” nikasema.

“Sasa juu ya nini mlipita?”

“Nilisema ni langu. Nilidhani ni langu.”

Zaituni akaweka mkono mdomoni, kisha wakatuita kula.

Usiku na mchana tangu siku ile nimejaribu kujihukumu, na kila nikijihukumu nafika palepale, njia panda, na pale sijioni mimi. Namwona Mama ameinama, beseni kichwani. Alikuwa mtoto wa wakulima wa Kabongo. Alijua majani kuliko nilivyojua jina langu. Jani la musuku likikaa siku mbili juani huvunjika mkononi na kubaki vumbi. Yeye alilipasua, akalinusa, kisha akajifuta vidole kwenye kitenge. Vilikuwa vimelowa utomvu wa jani bichi.